Mbeya na Mafundi wa Kompyuta

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wafanyakazi wengi ambao watoto wao wamefaulu hisabati na fizikia hujiuliza swali moja: kijana aombe sayansi ya kompyuta au uhandisi wa kompyuta? Wale wa Nyanda za Juu Kusini huongeza la pili: asome Mbeya, au aende Dar es Salaam? Swali hilo la pili si dogo, kwani wako watu wanaodhani kwamba elimu ya chuo cha mkoani ni elimu ya pembeni. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo.

Kwanza yafaa tufafanue masomo yenyewe. Kompyuta, ukiifungua, ina swichi ndogo mno za umeme, nyingi kupita kiasi cha kuhesabika kwa macho, na kila moja ama imewashwa ama imezimwa. Hali hizo mbili ndizo zinazoandikwa 1 na 0. Mhandisi wa kompyuta hushughulika na swichi hizo, umeme unaoziendesha, na jinsi mashine moja inavyosemezana na nyingine. Mwanasayansi wa kompyuta hushughulika na maagizo ambayo mashine hupewa: yapangwe vipi ili kazi iishe upesi, isikosewe, wala isiibiwe. Wa kwanza husoma miaka minne, wa pili mitatu. (Wataalamu wa lugha walitupatia majina ya tarakilishi na ngamizi; wananchi wakaendelea kusema kompyuta, nasi tumewafuata wananchi.)

Haifai kuzungumza juu ya masomo haya bila kukumbuka yaliyotupata. Katika miaka ya 1960 Serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha. Baadaye kazi ya hesabu ikavurugika, hasara ikaonekana, na mwaka 1974 kuingiza kompyuta nchini kukapigwa marufuku. Wako wanaoicheka amri ile leo. Sisi hatuicheki. Mashine zilikuwa za kigeni, wajuzi wake wengi walikuwa wageni, na zilipokosea hapakuwa na watu wa nyumbani wa kutosha wa kusema kosa liko wapi. Mwenye nyumba asiyejua kufuli ya mlango wake inavyofanya kazi, atafanya nini ila kuukomelea mlango? Marufuku ile ilikuja kulegezwa kidogo kidogo, lakini komeo halikuwa dawa. Dawa ilikuwa kusomesha watu, tena wa kila daraja.

Hapo ndipo Mbeya inapoingia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hakikuanza kama chuo kikuu. Kilianza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi, kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikapandishwa kuwa chuo kikuu. Asili yake, basi, ni karakana, na tunaona hiyo ndiyo mali yake kubwa. Hata baada ya kupandishwa daraja kimeendelea kutoa stashahada pamoja na shahada, yaani fundi sanifu na mhandisi hufundishwa chini ya paa moja. Wahandisi wa nchi yetu wamezoea kutaja uwiano wa mhandisi 1, mafundi sanifu 5 na mafundi mchundo 25. Kazi ya kompyuta nayo haiepukani na hesabu hiyo. Mtu mmoja akichora mtandao wa hospitali, lazima wawepo wa kupitisha nyaya, wa kufunga vifaa, na wa kuitika usiku vinapozimika.

Hatari tunayoiona ni jina. Chuo kikipata jina kubwa, huja kishawishi cha kuiona stashahada kuwa nguo ya zamani. Uingereza ilizifanya politekniki zake vyuo vikuu mwaka 1992, na malalamiko ya upungufu wa mafundi wa kati hayajakoma huko. Mbeya isije ikafuata njia hiyo kwa kupenda majoho.

Ama ile hoja ya umbali, imekwisha kupoteza nguvu. Nyaya za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita Mbeya kuelekea mipaka ya Zambia na Malawi. Isitoshe, kazi zenyewe ziko huko huko: kahawa ya Mbozi, chai ya Rungwe, mpunga wa Kyela. Chukua mizani ya kahawa katika chama cha msingi. Mkulima amepima, karani ameandika, mara umeme umekatika. Kilo zile ziko wapi? Kama programu iliandikwa ovyo, zimepotea, na mkulima atabaki na maneno matupu mbele ya karani. Kama iliandikwa na mtu anayeijua kazi, kila pimo huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukizima, na risiti haitoki mpaka maandishi hayo yamekamilika. Somo hilo limo vitabuni kote duniani, lakini kijana aliyeona umeme ukikatika katikati ya msimu hulishika upesi zaidi.

Siku hizi wako wanaosema kwamba akili mnemba itaandika programu zote, kwa hiyo kusoma ni bure. Ni kweli inaandika, na kwa kasi ya kushangaza. Inakosea pia, tena kwa lugha ya kujiamini. Nani atayaona makosa hayo ila aliyefundishwa kuyatafuta?

Limebaki jambo moja ambalo twalitaka litazamwe. Mhandisi anapohitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inao mpango wa kumlea kazini chini ya wahandisi wazoefu, ulioanza mwaka 2003. Mhitimu wa sayansi ya kompyuta, kwa kuwa si mhandisi, hayumo katika mpango huo. Tunashauri kwamba halmashauri, hospitali na vyama vya ushirika vya Nyanda za Juu Kusini wachukue wahitimu hao wawili wawili kwa mwaka mzima, wawalipe posho ya kujikimu, na mwalimu wa chuo aende kuwakagua kila baada ya miezi mitatu. Mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye mizani, kabla msimu ujao wa kahawa haujafunguliwa.