Je, Wajua? Tawasifu Si Lazima Ianze Ulipozaliwa

Je, wajua kwamba Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliposimulia maisha yake kwa Kiswahili, hakuanza na kuzaliwa kwake? Anaanza na umri wa miaka 12, akienda safari fupi za kuuza sandarusi. Kutoka hapo ni safari juu ya safari hadi Kongo: bei ya pembe, vita, madeni. Simulizi hilo, lililotolewa na Heinrich Brode huko Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, halina uti mwingine wa mgongo. Ila mpangilio huo una dhambi yake: waliofanywa watumwa wanapita pembeni tu.

Seyyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliwaandikia wanawe waliokulia Ujerumani. Watoto wasioijua Unguja watauliza nini? Watu wanakula nini, wanavaa nini, wanasomaje. Basi kitabu chake cha 1886 kinasimama kila mara, kinaacha miaka, na kutoa sura nzima kwa mambo ya aina hiyo. Kwa maoni yangu, hili ndilo swali la kwanza kwa mwandishi yeyote: unamwandikia nani?

Benjamin Franklin wa Marekani naye alianza tawasifu yake mwaka 1771 kwa barua kwa mwanawe, kisha akaacha kwa miaka mingi. Rafiki yake Abel James aliuona muhtasari wa yaliyobaki, akamsihi aendelee. Aliendelea, lakini alifariki mwaka 1790 kabla simulizi halijafika kwenye uhuru wa Marekani. Muhtasari husaidia, haukumalizii kazi.

Shaaban Robert aliziweka ndani ya *Maisha Yangu* tenzi mbili: Hati kwa binti yake, Adili kwa mwanawe wa kiume. Kwa hiyo ile barua uliyowahi kumwandikia mtoto ina haki ya kuingia kitabuni ilivyo.

Je, wajua kwamba *Maungamo* ya Agostino yana vitabu 13, na simulizi la maisha linaishia cha 9? Vinavyobaki vinahusu kumbukumbu, wakati na uumbaji. Wasomaji wengi huishia hapo hapo cha tisa, nami siwalaumu.

Primo Levi, mkemia wa Italia aliyenusurika Auschwitz, aligawa kitabu chake cha 1975 katika sura 21, kila moja na jina la elementi. Fundi cherehani angeweza kupanga kwa vitambaa.

Maisha yote ni mengi mno? Kata kipande. *Aké* ya Wole Soyinka ni utoto peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa kitabu kizima, mwaka 2012, kwa miaka yake katika shule ya Alliance.

Na ukikosa mpangilio kabisa? Mmarekani Joe Brainard, katika kitabu chake cha 1970, alianza kila kipande kwa "nakumbuka". Georges Perec akaazima mtindo huo Ufaransa, akaandika vipande 480 bila kufuata miaka, kisha akaomba kurasa tupu ziachwe mwishoni, msomaji aandike vyake.