Likizo ya ufukweni ihesabiwe kwa kilo za korosho

MFANYABIASHARA wa Masasi au Newala anayetaka kuipeleka familia yake pwani kwa siku chache ana tatizo ambalo mwenzake wa Dar es Salaam halijui. Fedha na bahari nzuri haviji pamoja. Fedha huingia kati ya Oktoba na Desemba, minada ya korosho inapopamba moto. Bahari ya Mtwara na Lindi hupendeza zaidi kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekwisha, wakati ambapo duka halina wateja na mkulima anawaza salfa.

Kwa kuwa banda la kukodi ufukweni ni bidhaa kama bidhaa nyingine, lina msimu wake na lina bei ya juu na ya chini. Mnunuzi asiyejua kalenda yake hulanguliwa. Ndiyo maana tunaiweka likizo kwenye mizani ile ile tunayopimia mazao.

Tuanze na zao lenyewe. Katika minada ya Oktoba 2024, bei ya korosho ghafi ilivuka Sh. 4,000/= kwa kilo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, minada ya 2023 ilizunguka kwenye Sh. 2,000/=. Mwaka 2018 mambo yalikuwa mengine kabisa: wanunuzi walitoa bei iliyokataliwa, Rais John Magufuli akatangaza Sh. 3,300/= kwa kilo na malori ya jeshi yakaletwa kubeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi waliendelea kusubiri malipo hadi ndani ya mwaka 2019. Aliyekuwa amepanga Krismasi ya pwani kwa kutegemea mzigo ulioko ghalani alibaki na karatasi mkononi. Hakuna mwenye banda anayepokea stakabadhi ya ghala badala ya fedha taslimu.

Sasa tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke zake. Tuchukulie banda la vyumba viwili lenye jiko linakodishwa Sh. 80,000/= kwa usiku. Siku tano ni Sh. 400,000/=. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi, chakula, kuni au mkaa na akiba ya dharura, tuseme Sh. 400,000/= nyingine. Jumla ni Sh. 800,000/=.

Kwa korosho ya Sh. 4,000/=, likizo hiyo ni kilo 200, yaani magunia mawili na nusu tukihesabu gunia kuwa kilo 80. Kwa korosho ya Sh. 2,000/= ni magunia matano. Na kwa mtu aliyeuza kwa kangomba mwezi wa Julai, tuseme kwa Sh. 1,000/=, ni magunia kumi. Watoto ni wale wale na bahari ni ile ile, lakini mmoja amelipa mara nne ya mwenzake. Ikumbukwe pia kwamba bei ya mnada siyo bei ya mfukoni. Kuna makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala na ya usafiri, kwa hiyo hata yule wa Sh. 4,000/= atoe zaidi ya magunia yake mawili na nusu.

Kangomba tunaitaja kwa makusudi. Biashara hiyo ya kununua korosho mitaani kwa bei ya kutupa, nje ya vyama vya ushirika, imepigwa marufuku, lakini haijafa, kwa sababu haja ya fedha haisubiri Oktoba. Mtu huiuza korosho ikiwa bado ua juu ya mti ili alipe ada, matibabu au ngoma. Kwa ada na matibabu hatuna la kumlaumu. Kwa banda la ufukweni, heri abaki nyumbani akapunge upepo pale Shimo la Mungu, ambako mtu wa Newala anaiona Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake bila kulipia kitanda.

Kwa mwenye duka hesabu ina upande mwingine. Novemba na Desemba ndiyo miezi ya mabati, baiskeli, simu, vitenge na redio. Kulifunga duka siku tano katika miezi hiyo ni kumkabidhi jirani wateja wako. Gharama ya likizo ya Desemba basi siyo Sh. 800,000/= peke yake, bali pamoja na faida ya siku tano za msimu. Mwezi wa Juni faida hiyo ni ndogo mno, pengine haifikii hata gharama ya taa na kijana wa dukani.

Kwa maoni yetu, namna ya kuziunganisha nyakati hizi mbili ni kulipa wakati mmoja na kwenda wakati mwingine. Januari na Februari mfanyabiashara bado ana fedha, na mwenye mabanda hana wageni kwa sababu mvua za kusini, ambazo huja kwa msimu mmoja mrefu hadi Aprili au Mei, zimekwishaanza. Mwenye mali asiye na mgeni husikiliza. Huo ndio wakati wa kumfuata, kutoa malipo ya awali na kufunga bei ya mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Anayesubiri hadi Juni ndipo apige simu hukuta fedha imekwishageuka simenti na pikipiki.

Wakulima watauliza: na salfa je? Ni kweli kwamba Juni na Julai ni miezi ya kupuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Lakini kati ya pulizo moja na jingine hupita kama wiki mbili hadi tatu. Siku tano zinaingia humo bila shida, mradi safari ianze siku moja baada ya kupuliza na siyo siku moja kabla. Kikwazo kikubwa zaidi ni jando na unyago, ambavyo navyo hufuata likizo za shule. Mwenye mtoto wa kuchezwa mwaka huo asijidanganye kwamba ataweza ngoma na banda kwa pamoja.

Wasio na watoto wa shule wana nafasi nzuri kuliko wote. Septemba ni demani, kusi limepungua nguvu, bahari imetulia na mnada wa kwanza haujaanza. Kati ya Julai na Oktoba nyangumi hupita katika bahari ya Mtwara, na huonwa kwa mashua. Julai yenyewe kusi huvuma kwa nguvu, na safari za mashua ndogo si za kukimbilia.

Kuhusu mahali, wa Masasi anateremka kwa lami kupitia Ndanda, Nanganga na Mtama hadi njia panda ya Mnazi Mmoja. Hapo kushoto ni Lindi, kulia ni Mikindani na Mtwara. Wa Newala ana njia mbili: kuzunguka Masasi kwa umbali mrefu, au kukata moja kwa moja kupitia Tandahimba na Nanyamba, kama kilometa 140 hadi Mtwara. Lami ya kutoka Mtwara ilifika Mnivata, kilometa 50. Mikataba ya kuiendeleza hadi Masasi ilitiwa saini mwaka 2023 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara inayojengwa huwa na michepuko, hivyo ni vyema kuwauliza madereva wa mabasi wiki ile ile ya safari.

Mikindani ni mji wa kale wenye ghuba iliyojifunga. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama, baada ya kukarabatiwa na shirika la Trade Aid la Uingereza na kugeuzwa hoteli. Maji yake ni matulivu, ila anayetafuta mchanga mweupe wa kuogelea hataupata hapo. Atafute Msimbati, mashariki ya Mtwara, ambako mchanga ni mgumu kiasi kwamba gari hupita juu yake. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio cha kuongeza kwenye bajeti. Maduka ni machache huko. Mchele, mafuta na dawa vinunuliwe Mtwara.

Mtwara mjini nako kusidharauliwe. Miaka ya gesi, kuanzia kama 2010, watu walikimbilia kujenga nyumba za wageni wakitegemea makampuni. Zilikuja fujo za mwaka 2013, bomba la kwenda Dar es Salaam likaanza kazi mwaka 2015, na wageni wa makampuni wakapungua. Vyumba vilivyojengwa kwa bei ya gesi vikabaki kutafuta mtu wa kuvilalia kwa bei ya kawaida. Mgeni wa familia anayekaa siku tano na kulipa mapema ana haki ya kudai punguzo, na adai bila haya.

Wapo wasomaji ambao wakifika ufukweni huanza kuuliza bei ya kiwanja. Wazo la kujenga mabanda yako mwenyewe si baya, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari, na ndani ya hifadhi kuna sheria ya ziada ya mwaka 1994. Anayeuziwa kiwanja ambacho mawimbi yanagusa msingi wake ananunua kesi. Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyejijengea nyumba Msimbati, alifika mahali pa kudai uhuru wa sehemu hiyo. Miaka ya 1960 Serikali ilimwondosha nchini. Tena yeye hakuwa na mkopo wa benki.

Kabla ya kufunga tarehe, angalia mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji katika pwani hii hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri. Watoto wataamka na shauku ya kuogelea, wakute bahari imekwenda mbali. Anayetaka maji ya asubuhi achague wiki ya maji mafu. Anayependa kutembea miambani au kununua pweza kwa wanaorudi kuwinda, bamvua ndiyo yake.

Yaliyobaki ni ya kuuliza kwa simu kabla ya kutuma shilingi: je, banda lina maji ya bomba au ya kununua kwa ndoo, jambo ambalo mtu wa Newala analielewa bila maelezo? Vyandarua vipo vingapi? Jiko ni la mkaa au la gesi? Je, bei ni ya banda zima au ya kichwa? Mgeni akiugua na kushindwa kuja, malipo ya awali yanahamia tarehe nyingine au yanapotea? Majibu yaandikwe kwenye ujumbe wa simu ukatunzwe pamoja na risiti, na salio lilipwe baada ya mlango kufunguliwa na maji kuonekana yakitoka.