Bustani Inayoitika Mvua: Umwagiliaji wa Kujiendesha katika Mazingira ya Chakol

Utangulizi

Chakol, katika eneo la Teso Kusini, Kaunti ya Busia, si nchi ya ukame. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na za vuli hufuata baadaye. Hata hivyo, kiangazi cha Desemba hadi Februari hunyausha sukuma wiki, kunde na mnavu, na maji ya kuzinusuru mboga hizo hubebwa kichwani, aghalabu na akina mama na wasichana. Kwa hivyo, kumwagilia ardhi iliyokwisha kulowa ni kupoteza maji na nguvu za mtu pia. Makala haya yanafafanua jinsi bustani ya nyumbani inavyoweza kumwagiliwa kwa kuitika mvua.

Hesabu ya Maji

Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1. Bustani ya mita 4 kwa 3 ikihitaji milimita 5 kwa siku, itakunywa lita 60, yaani mitungi 3 ya lita 20. Mvua ya milimita 10 ikizama yote ardhini, huokoa mitungi 6.

Njia Tatu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mtambo, kinyume chake, haufuati dalili, bali maji yaliyokwisha kuanguka.

Njia ya kwanza hutumia saa inayofungua vali ya umeme kila alfajiri, pamoja na kitambuzi cha mvua. Ndani ya kitambuzi mna visahani ambavyo huvimba vikilowa na kukata umeme wa vali. Vikikauka, saa hurejea kazini. Upungufu wake ni kwamba manyunyu yaweza kuvivimbisha ilhali mizizi ingali na kiu.

Njia ya pili huuondoa upungufu huo: kitambuzi cha unyevu hufukiwa kando ya mizizi, na vali hufunguka tu unyevu unapopungua.

Njia ya tatu haihitaji umeme. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hufukiwa hadi shingoni katikati ya mboga, kikajazwa maji na kufunikwa. Udongo ukikauka huyavuta maji kupitia vinyweleo vya chungu. Ukiloweshwa na mvua, mvuto hupungua na maji husalia. Mbinu hii ilielezwa nchini China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, katika kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi.

Hitimisho

Vali humpunguzia mtu kazi ya kumwaga maji, si ya kuyateka. Hivyo, nyumba isiyo na bomba wala tangi yafaa ianze na chungu. Yenye tangi juu ya jukwaa yaweza kuongeza kitambuzi cha unyevu. Limesalia suala la lugha. Maagizo ya vifaa hivi aghalabu huandikwa kwa lugha za kigeni, na mkulima asiyeyaelewa hurejea kwenye ndoo. Katika mpaka huu wa lugha nyingi, Kiswahili kina wajibu wa kuyafikisha maarifa hayo bustanini.