Jua la Isiolo hukausha gari bure, bloa ni ya nini?

Mkaazi wa Isiolo akiambiwa anunue bloa ya kukaushia gari, ana haki ya kuuliza: jua lote hili, mashine ya nini tena? Gari likioshwa saa sita mchana, paa na boneti huwa vimekauka kabla mwoshaji hajamaliza kukunja mpira wa maji.

Jibu limo ndani ya maji yenyewe. Visima vingi vya kuchimba kaskazini mwa Kenya hutoa maji yenye madini mengi, yakiwemo kalsiamu na magnesiamu, yale yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Tone la maji hayo likikaukia kwenye boneti yenye moto, maji hupaa na madini hubaki, yakiacha doa jeupe la duara. Kwenye gari jeusi au la buluu iliyokolea, madoa hayo huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kwenye kioo cha mbele humsumbua dereva usiku taa za lori zinapomjia. Yakiachwa, wiki baada ya wiki, hushika kabisa, na kuyaondoa huhitaji siki au polishi na mkono wenye subira.

Kwa hiyo hapa kwetu bloa hainunuliwi ili ikaushe. Inanunuliwa ili iyafukuze maji kutoka kwenye gari kabla jua halijayawahi. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayonadiwa dukani hupoteza uzito. La kwanza ni hewa ya joto. Mashine kubwa za kukaushia magari husifiwa sana kwa joto lake, na katika Ulaya wakati wa baridi sifa hiyo ina maana. Isiolo, joto la ziada linaharakisha doa lile lile unalolikimbia. Usiongeze hata shilingi moja kwa ajili yake.

Sababu ya pili ya kuwa na bloa ni vumbi. Zamani lami iliishia Isiolo. Aliyekuwa akienda Marsabit au Moyale alijiandaa kwa safari nyingine kabisa kuanzia hapo. Sasa lami inafika mpakani, karibu kilomita 500, lakini barabara nyingi zinazochepuka kutoka kwenye lami hiyo bado ni za udongo. Land Cruiser zinazotoka hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba zikiwa na watalii, malori ya mifugo, pikipiki za boda boda, zote huja na vumbi lililojipenyeza kwenye viungo vya milango, nyuma ya vioo vya pembeni, chini ya mpira wa madirisha na ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Mashine ya presha huliloweka tu vumbi hilo. Gari likishafutwa na kung'aa, dereva anafunga mlango kwa nguvu, na michirizi ya matope inashuka. Mwoshaji akirudi na kitambaa kuifuta, anasugua mchanga kwenye rangi, na kila punje inaacha mkwaruzo. Bloa huyatoa maji yote yaliyojificha kwenye viungo hivyo bila kuigusa rangi. Hapo ndipo inapolipa gharama yake.

Basi uangalie nini? Kwanza wingi wa hewa, unaoandikwa kwa mita za ujazo kwa dakika. Bloa nzuri ya mkono ya wati 600 hivi, ile ile ambayo mafundi huitumia kupuliza vumbi kwenye injini na kompyuta, hutoa karibu mita 4 za ujazo kwa dakika, na inatosha kwa viungo, taa, rimu na injini ya pikipiki. Kwa kupuliza gari zima, kuanzia paa hadi bampa, itachosha mkono. Kazi hiyo inahitaji mashine ya sakafuni yenye mpira mrefu, na hiyo huwa na mota moja kubwa au mbili. Kasi ya hewa nayo ni muhimu, lakini tahadhari: wauzaji wengine hutaja kasi iliyopimwa kwenye ncha nyembamba kabisa, ambako hewa ni kidogo. Omba uonyeshwe namba zote mbili.

Jihadhari pia na wati za kwenye boksi. Bloa ya kilo moja na nusu iliyoandikwa wati 3,000 haiwezi kuwa nazo. Tazama kibandiko kilicho kwenye mwili wa mashine, soma ampia zake, kisha uzidishe kwa 240, ambayo ndiyo volti ya Kenya. Ampia 2.5 ni wati 600, basi. Na kama mashine imeletwa na ndugu kutoka Marekani, hakikisha si ya volti 120, kwa maana ukiichomeka hapa itaungua mara moja.

Plagi zetu zina fyuzi ya ampia 13, yaani wati 3,120 kwa hesabu ya juu kabisa. Mashine ya mota mbili inaweza kuukaribia mpaka huo. Ukiiweka kwenye ekstensheni moja na pampu ya presha, utakuwa unabadilisha fyuzi kila siku, na ekstensheni iliyoachwa imeviringwa itapata moto hadi iyeyuke. Wenye jenereta ndogo wakumbuke kwamba mota inapowaka huvuta stima nyingi kuliko inapoendelea kuzunguka.

Bloa za betri ni nyepesi na hazina waya wa kuburuta majini. Piga tu hesabu: betri ya volti 20 na ampia-saa 4 ina nishati ya wati-saa 80, na mota ya wati 400 itaimaliza kwa dakika 12. Kwa mwenye gari moja nyumbani ni sawa. Kwa kituo chenye foleni, hapana.

Wengi huuliza: kwa nini nisitumie kompresa niliyonayo ya kujaza upepo? Kwa kona ndogo, itafaa. Lakini kompresa ndogo hutoa lita mia mbili hivi kwa dakika, wakati bloa ya mkono niliyoitaja hutoa lita elfu nne. Presha ya kompresa ni kali, wingi wa hewa ni mdogo. Tangi lake hukusanya maji na mafuta, na yakitoka yatarushwa kwenye gari uliloosha. Zaidi ya hapo, hewa ya presha hiyo inaweza kuumiza jicho au kupenya ndani ya ngozi, na nimeona vijana wakiitumia kupulizana nguo. Tafadhali acheni.

Pesa za kwanza, kwa maoni yangu, si za bloa. Ni za sakafu ya zege na kivuli cha mabati. Bloa inayowashwa kwenye uwanja wa udongo huvuta vumbi upande mmoja na kulirusha kwenye rangi yenye maji upande wa pili. Ndiyo maana chujio la kuingizia hewa, linalotoka na kuoshwa, si pambo. Bloa isiyo na chujio mwachie fundi wa karakana. Kusuuza gari kwa mara ya mwisho nako kufanywe kwa maji bora uliyonayo, hata kama ni mtungi mmoja wa maji ya mvua. Mtungi huo utapunguza madoa kuliko mashine yoyote. Nta pia husaidia, kwa kuwa matone yaliyosimama juu ya nta hukimbia haraka hewa ikiyapiga.

Anza na paa, shuka chini, ukiupa upepo mgongo. Kisha fungua milango upulize fremu zake.

Nimalizie na vijana wanaozishika mashine hizi. Shirika la Afya Duniani huweka desibeli 85 kwa saa nane kuwa kikomo cha usalama wa masikio kazini, na bloa nyingi huvuka hapo. Mwenye kituo, nunua vizibo vya masikio siku ile ile unayonunua bloa. Na kwa kuwa kazi yote hii inafanywa miguu ikiwa majini, mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, aweke swichi inayokata umeme unapovuja, kabla ya mtu yeyote kuchomeka plagi.