Deni Lililofutwa Vitabuni Halijasamehewa

Wako wananchi wa Igoma na wa visiwa vya Ukerewe wadhanio kuwa deni likifutwa katika vitabu vya benki limekwisha. La hasha! Mwaka 1991 Serikali iliunda LART, chombo kilichokabidhiwa madeni mabovu ya mabenki ili kiyadai.

Hata hivyo, mdaiwa naye anayo haki. Sheria ya ukomo ya mwaka 1971 humpa mdai miaka 6 kushtaki kwa deni la mkataba wa kawaida. Sehemu ikilipwa kabla ya hapo, hesabu huanza upya. Wakusanya madeni waonyeshe hati. Viongozi nao wasikubali nyavu zisizowekwa rehani zitwaliwe bila amri ya mahakama. Dawa ya deni ni kulipa, si kutishana.