Ruring'u: Sanaa Yenye Wateja, Isiyo na Paa

Jumamosi asubuhi, barabara itokayo Nyeri mjini kuelekea Karatina, ukifika Ruring'u utaona magunia kabla hujawaona wenyewe. Gunia la kwanza lina njuga, migwisho na vitambaa. La pili lina ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya wastani na ndogo, zimefungwa pamoja kwa leso. Kinanda cha mkono, kile cha kuvuta na kubana kinachochezewa mwomboko, hakiingii guniani kamwe. Mwenyewe amekipakata kama mtoto. Vijana kumi wanasubiri matatu ya kwenda Nanyuki, ambako watacheza hotelini jioni. Alhamisi walikuwa shule ya upili wakiigiza tamthilia ya Kiswahili. Mweka hazina, msichana aliyeshika daftari la kurasa 96, anapatana nauli na makanga. Makanga anataka magunia yalipiwe kiti kimoja. Msichana anakubali, anaandika.

Hiyo ndiyo biashara ninayotaka kuieleza. Ni ya vikundi vidogo vya maigizo na ngoma visivyotafuta faida, ambavyo mlango wake uko wazi kwa msanii wa kabila lolote: Mkikuyu, Mmeru, Mturkana aliyekulia Isiolo, Mluhya ambaye wazazi wake walihamia Nyeri kikazi. Watu wengi huvitazama vikundi hivi kwa huruma, kama vijana wanaopitisha wakati. Mimi naviona kuwa watoa huduma wenye wateja wa kweli, na shida yao ni moja inayozaa nyingine zote: kila shilingi wanayoipata huipatia chini ya paa la mtu mwingine.

Tuanze na shule, kwa kuwa ndiko ugali unakotoka. Kila mwaka maelfu ya watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, husoma vitabu teule vya fasihi, setibuku kama tulivyozoea kuviita, na walimu hupenda wanafunzi wavione jukwaani kabla ya mtihani. Kwa Kiswahili, tamthilia ya sasa ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Kabla yake ilikuwa Kigogo ya Pauline Kea, na miaka ya nyuma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, mwana wa Tharaka, huku huku eneo la Mlima Kenya. Bembea ya Maisha inamfaa sana mwenye mfuko mdogo. Ni habari ya nyumbani: Sara aliye mgonjwa, Yona mumewe, Neema binti yao mwenye kazi mjini na mzigo wa kwao mabegani. Kochi moja, meza moja, kikombe, leso, na mchezo umesimama.

Hesabu yake haina siri. Tuseme kiingilio ni shilingi 150 kwa mwanafunzi na wamejaa 400 kwenye bwalo la chakula. Hizo ni shilingi 60,000. Toa gari la kukodi 12,000, vipaza sauti 8,000, chakula 5,000 na waigizaji kumi kwa 2,000 kila mmoja. Gharama ni 45,000 na kikundi kimebakiwa na 15,000. Sasa tuseme kidato cha tatu kimetumwa nyumbani kuleta karo, wakabaki wanafunzi 250. Mapato ni 37,500 na kikundi kimekula hasara ya 7,500 bila mtu yeyote kukosea mstari. Bei hizi nimezichukua kwa mfano, lakini mwenye kikundi ataitambua hali yenyewe: mstari kati ya faida na hasara hapo ni wanafunzi 300, na hakuna hata mmoja wao ambaye kikundi kinaweza kumwita. Mlango si wake. Shule ikiahidi kulipa muhula ujao, nauli ya wiki ijayo itatoka kwenye chama au kwenye mkopo wa simu.

Na soko hilo lenyewe linahama. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya KCSE mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mmoja wa mikondo yao mitatu ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo, ambamo maigizo na filamu ni somo. Naona fursa kubwa hapa kuliko ile ya setibuku. Shule inayofundisha maigizo itahitaji mtu anayejua kuelekeza, kutengeneza maleba na kumfundisha mtoto kusimama jukwaani sauti ikafika nyuma ya ukumbi. Walimu wenye ujuzi huo hawatoshi. Vijana wa vikundi hivi wanao, kwa sababu wamelelewa na tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, na lile la muziki, lililoanza mwaka 1927. Msichana wa daftari ni zao la matamasha hayo. Alicheza densi ya kubuni akiwa kidato cha pili na hakurudi nyuma.

Mfuko wa pili wa mapato, baada ya shule, ni hoteli. Wapiga ngoma wa Chuka wamewapokea watalii wa mlimani kwa miongo mingi, na hoteli za Nyeri na Nanyuki bado hupenda kuwa na ngoma jioni. Hoteli hulipa usiku uleule, na kwa hilo inapendwa. Lakini hununua nusu saa tu, msimu ni wa miezi michache, na mgeni wa hoteli si mtu atakayerudi wiki ijayo kuona mchezo mpya.

Hata hivyo, ni kwenye hoteli ambapo mchanganyiko wa makabila unaonekana thamani yake kwa shilingi. Kikundi cha mwomboko pekee kinauza mwomboko: hatua mbili na kugeuka, kinanda kikivuma, karing'aring'a, kile chuma cha mviringo, kikigongwa kwa ufito wa chuma pembeni. Ni ngoma nzuri mno, iliyozaliwa pale vijana wa Kikuyu walipozichukua densi za Wazungu na kuzifanya zao, na harusini Nyeri haina mshindani. Lakini Nanyuki kuna Wasamburu, Waturkana, Wameru, Wasomali na wageni wa kila taifa. Kikundi kinachoweza kutoka kwenye mwomboko kikaingia isukuti ya Waluhya, kisha sengenya ya Pwani, kisha mruko wa Wasamburu, kina bidhaa nne mahali pa moja. Isukuti yenyewe iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Bomas of Kenya, kituo cha ngoma za makabila, ilijengwa juu ya wazo hili hili mwaka 1971, ikiwa na serikali nyuma yake. Kijana wa Ruring'u anafanya kazi ileile akiwa na gunia.

Lakini ngoma ya jirani haijifunzwi kwa video. Nimeona mazoezi ambapo mpigaji isukuti alimsimamisha mwenzake Mkikuyu mara sita mfululizo, kwa sababu mabega yalikuwa yanakwenda na mwomboko. Mara ya saba aliacha kuhesabu kwa mdomo, akamwekea kiganja mgongoni na kuupiga mdundo pale pale. Mabega yakakubali. Somo la namna hiyo huchukua majuma, na hakuna mteja anayelilipia. Ndiyo sababu kikundi cha aina hii huhitaji kuwa shirika lisilo la faida: kile kinachokipa thamani sokoni hutengenezwa katika saa ambazo soko halizilipi.

Mfuko wa tatu umetoboka. Kwa miaka mingi mashirika ya afya yaliwalipa waigizaji kupeleka ujumbe wa Ukimwi, malaria na uzazi wa mpango sokoni na kwenye vituo vya magari. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zikaja pia fedha za michezo ya amani, na kikundi chenye makabila mengi kilikuwa cha kwanza kupigiwa simu. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limevunjwa. Wagonjwa waliumia kwanza, na lazima tuanze kwa kulisema hilo. Lakini na msanii wa mitaani, ambaye posho yake ilikuwa mstari mdogo kwenye bajeti ya mradi wa kliniki, alipoteza mshahara bila jina lake kutajwa popote.

Kuna pia mfuko wa nne, nao unanitia wasiwasi. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na mikutano ya kisiasa hulipa kwa noti. Kikundi kilichojengwa juu ya makabila mengi kikipanda jukwaa la mgombea mmoja, Jumatatu kitakuwa kikundi cha upande mmoja, na shule iliyokuwa inakiita itafikiri mara mbili. Nawasihi wenye vikundi wazikatae hizo noti, ingawa najua ninawaomba nini.

Je, mtu wa kawaida wa Nyeri anaweza kulipa kiingilio kutoka mfukoni mwake ili aone mchezo? Jibu lilitolewa zamani na mwana wa Nyeri mwenyewe. Wahome Mutahi, aliyezaliwa mwaka 1954 na kupendwa nchi nzima kwa safu yake ya Whispers, aliipeleka michezo ya Kikuyu kwenye mabaa kupitia Igiza Productions. Mugaathe Mubogothi, kichekesho juu ya mtawala anayeweweseka, ilijaza mabaa kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Jumba la Kitaifa la Maonyesho pale Nairobi. Mutahi alifariki Julai 2003. Alikuwa ameonyesha kwamba ukimfuata mtazamaji anapoketi, atatoa pesa. Lakini katika mpango ule mwenye baa hubaki na mauzo ya vinywaji, na usiku mwema wa jukwaani huingia kwenye droo yake.

Ndiyo maana narudi kwenye paa. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi la kukaa watu wapatao 2,000 na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Onyesho lilianza Oktoba. Kufikia katikati ya Novemba kibali kilikuwa kimefutwa, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Waliolibomoa walielewa kwamba kikundi chenye mahali pake hakizimiki kirahisi. Upande mwingine, Phoenix Players ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1983 na kukuza waigizaji wengi tunaowaona leo kwenye runinga, ilidumu zaidi ya miaka 30 ikashindwa na kodi ya ukumbi. Sanaa ilikuwepo mpaka siku ya mwisho.

Mfano ninaoupenda uko Kampala. Ndere Troupe ilianzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, ikicheza ngoma za makabila ya Uganda nzima bila kubagua. Kwa miaka walizunguka kama hawa wetu. Kisha wakajenga Ndere Centre, yenye jukwaa la wazi, mgahawa na vyumba. Leo mtu huja kula jioni, ngoma ikimkuta mezani, na pesa ya kiingilio, ya kuku na ya chumba huingia mfuko mmoja. Kuku ndiye anayelipa mazoezi.

Ruring'u ina sababu ya kulifikiria hili kwa uzito. Hapo kuna Makumbusho ya Nyeri, ndani ya jengo la iliyokuwa mahakama ya Waafrika tangu miaka ya 1920. Hapo kuna uwanja ambako Desemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni kusalimisha silaha, uwanja ambao ukarabati wake umeburuzwa miaka na miaka. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya makumbusho, burudani za umma na shughuli za utamaduni. Sheria haifungi njia tena: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, inaliruhusu shirika lisilo la faida kufanya biashara halali mradi mapato yarudi kwenye lengo lake. Kikundi kidogo kinaweza hata kuanza chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.

Siombi jumba la mamilioni. Ukumbi wa mabati wa watu 300, sakafu ya mbao ili magoti ya wachezaji yasiharibike, jiko la kuuza chai na chapati, na mkataba wa kaunti wa miaka ya kutosha kumshawishi mkopeshaji. Shule zitakuja kwenye onyesho badala ya onyesho kufukuzana na shule. Kutoka Nanyuki ni kilomita 60 hivi, na hata Nairobi ni 150 tu.

Matatu imepatikana. Kabla ya kupanda, mweka hazina ananionyesha ukurasa wa mwezi wa Julai. Nyeri Julai ni baridi na ukungu, na ngozi ya ngoma hulegea ikashindwa kutoa sauti. Lazima ipashwe moto kabla ya kila onyesho, na tena katikati ya mazoezi, kwa sababu mazoezi yao hufanyika nje, nyasini. Nafuata kidole chake kikishuka ukurasani. Nauli. Makaa. Nauli. Chai. Makaa. Makaa.