Nembo Zikatwazo kwa Leza

Mji wa Makambako, nchini Tanzania, umekaa mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu iendayo Zambia, na kwa kuwa nyanda hizo zina mashamba makubwa ya paina, milingoti na miwati, mbao ndiyo malighafi iliyo karibu zaidi na shule, kwaya au kikundi cha akiba kinachotaka nembo yake.

Mashine ifaayo kwa kukata nembo katika mbao ni leza ya kaboni dayoksaidi, aina iliyovumbuliwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani, nayo hutoa mwali usioonekana kwa macho, ambao lenzi huukusanya hadi uwe nukta ndogo mno, na joto la nukta hiyo hugeuza mbao kuwa mvuke na moshi. Nguvu ikipunguzwa na mwendo ukiongezwa, mwali hauzami hadi upande wa pili, bali huchonga juu juu tu.

Hata hivyo, kazi ngumu hufanyika kabla mwali haujawaka. Picha ya nembo itakayokatwa lazima ichorwe upya kwa vekta, yaani mchoro ambao kila mstari umehifadhiwa kwa hesabu ya mahali na mkunjo wake, na hapo ndipo herufi zinapoleta taabu, kwa maana herufi yenye tumbo, kama A, O au R, ikikatwa ikatokeza upande wa pili, tumbo lake hudondoka na kuacha tundu tupu. Maneno “Uhuru na Umoja” ya Nembo ya Taifa ya Tanzania, yakiandikwa kwa herufi kubwa, yana matumbo manne ya namna hiyo, na kila moja hudai vidaraja vyembamba vya kulishikilia. Kiswahili, kwa wingi wa A zake, hakimhurumii mchoraji.

Paina nayo ina ukaidi wake, kwani pete zake laini huungua upesi kuliko zile ngumu, hivyo mchongo hutoka na mabonde yasiyolingana. Kwa sababu hiyo, nembo yenye mistari myembamba hufaa zaidi kukatwa katika plaiwudi nyembamba isiyo na vifundo, ilhali ubao mzima wa paina hufaa kibao kikubwa cha langoni, ambako masizi ya kingo huondolewa kwa msasa kabla ya kupakwa vanishi.